Mbuzi Aliyekula Mstari

Vijana wangu wa uwanjani, siku ya kuniaga mlinikatia keki iliyotengenezwa kama uwanja wa mpira. Nawashukuru. Kisanduku cha kushoto kilikuwa kimepinda na duara la katikati lilifanana na yai, lakini nilikula hivyo hivyo kwa sababu nilikuwa nimestaafu na mistari si kazi yangu tena. Halafu mkaniomba niandike niliyoyaona kazini, hasa kwa ajili ya mjadala wenu wa kila mwisho wa mwaka: mechi zichezwe sikukuu, au watu waachwe wapumzike? Nitaandika. Ya vyeo sitayagusa. Mtunza uwanja hupanda cheo mara moja tu, siku anapokabidhiwa ufunguo wa stoo, na akifungua anakuta stoo ni tupu.

Nilianza kazi katika uwanja wa mji hapa Jinja nikiwa kijana mwembamba wa mtaa wa Walukuba. Babu yangu aliletwa nchi hii na Waingereza kutoka Sudan akiwa askari, na kwa sababu hiyo watu waliamini kwamba kila Mnubi amezaliwa na bunduki mkononi. Mimi nilipewa slasha ya kukatia nyasi. Aliyenipa ni Mzee Waiswa, Msoga wa Budondo aliyekuja kazini kila asubuhi kwa baiskeli isiyo na breki, akiisimamisha kwa kuigonganisha na mlingoti wa goli. Siku ya kwanza hakunisalimia. Alinionyesha uwanja mzima kwa kidole, akanionyesha slasha, akaenda kulala chini ya jukwaa. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kazi, na nasikia siku hizi nyinyi mnapelekwa hotelini wiki nzima kwa ajili ya jambo hilo hilo.

Siku ya pili alinifundisha kamba. Hii kamba mnaijua, iko stooni, na nawaomba msifungie tena magunia. Ni ya katani, ina mafundo: fundo la eneo dogo la kipa, fundo la mahali pa penalti, fundo la mstari wa kisanduku. Mtu mmoja anashika mwanzo wake kwenye mstari wa goli, mwingine anaivuta mpaka inakaza, na pale penye fundo ndipo chokaa inapomwagwa. Niliuliza kwa nini tusiifunge kwenye kigingi ili mmoja wetu apumzike. Mzee Waiswa alinitazama kama niliyemwomba binti yake.

"Kigingi kinatembea kwa udongo, na wewe hauoni," alisema. "Mutu akitembea, utamuona."

Jambo la tatu lilikuwa majivu. Chokaa ilipopungua, na ilipungua tangu siku ilipoletwa, tulichekecha majivu ya jikoni tukayatumia badala yake. Majivu hayapendezi sana kwa macho, lakini hayaliwi na mnyama yeyote. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Ilipofika Desemba yangu ya kwanza nikajifunza la nne, ambalo halihusu nyasi. Siku ya pili ya Krismasi palikuwa na mechi kati ya Jinja na Mbale, mwaka mmoja kwetu, mwaka mmoja kwao, na zawadi ilikuwa mbuzi dume. Mzee Waiswa alikuwa akifunga mzigo wake kwenye baiskeli, sukari, mkate na kitambaa cha gauni. Nikamuuliza nani atachora mistari. Akasema, "Wewe Munubi. Wewe hauna Krismasi." Nikaona ni haki. Idd ilipofika nikaenda ofisini kuomba ruhusa, nikiwa nimeshavaa kanzu ili karani anielewe haraka. Karani akasema baraza la mji haliwezi kupanga kazi kwa kutazama mwezi, na isitoshe wafanyabiashara wa mjini walikuwa wameandaa mechi ya Idd. Kwa hiyo Krismasi nilifanya kazi kwa sababu ni Mwislamu, na Idd nilifanya kazi kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nilidumu katika mpango huo kwa miaka mingi na sikuwahi kusikia mtu akiuita wa ajabu.

Nilioa mwanamke wa Mbale, Nambozo, ambaye nyinyi mnamwita Mama Halima. Alisilimu tulipooana, ila tumbo lake liliendelea kusherehekea Krismasi, na mimi sikulizuia. Nyumba yetu ikawa na sikukuu nyingi kuliko nyumba yoyote ya Walukuba, na baba mwenye nyumba hakuhudhuria hata moja. Nilirudi jioni na chokaa masikioni, nikakuta wageni wameshaondoka, mtoto amelala, na pilau limeganda kwenye sinia. Nambozo hakugomba. Aliketi mbele yangu akanitazama nikila pilau baridi mpaka nimalize, na afadhali angegomba.

Mjadala wenu, basi, si mpya. Kila Novemba tulikaa kikao. Padri alisema mechi zinawatoa watu kwenye mambo ya Mungu. Shehe alisema hivyo hivyo, na hiyo ndiyo siku pekee niliyowaona wakikubaliana jambo. Wenye baa walisema mpira unaleta furaha. Wakubwa walisema mpira unaleta umoja, kisha siku yenyewe wakafika wakati wa mapumziko, vijiti vya meno midomoni, wakakaa kivulini kuungana. Mimi nilinyoosha mkono kila mwaka nikasema sikukuu ni ya watu kukaa na watu wao, na kwamba hata nyasi zinahitaji kupumzika. Kila mwaka mwenyekiti alisema, "Asante Rajabu," akaendelea na bei ya tiketi.

Mtu mmoja tu hakuwahi kusema lolote katika vikao hivyo, naye ni Isabirye. Alikuwa kipa wetu. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo na aliishi Walukuba, mlango wake ukitazamana na wangu. Mzee Waiswa alipozeeka na magoti yakamkataa, nikabaki bila mtu wa kushika upande wa pili wa kamba, na Isabirye akaanza kuja asubuhi za mechi kuishika. Alisema hamwamini mtu mwingine kwa kisanduku chake. Tulichora miaka na miaka, yeye huku mimi kule, na sidhani kama kwa jumla tulizungumza maneno ya kujaza barua moja. Kamba ikilegea alisema, "Lajabu, vuta." Ikikaza alinyamaza. Mimi nilidhani huo ni urafiki.

Kisha vita vikaja. Mnajua habari zake kwa kusimuliwa, nami sitawachosha. Kwanza jeshi lililokuwa likishindwa liliegesha malori yake katikati ya uwanja wangu, wakati wa mvua, na kila dereva aliwasha injini na kuzungusha magurudumu palepale ili aone kama lori bado ni zima. Niliwafuata nikawaambia nyasi zile nimezipanda kwa mkono. Afande mmoja akaniuliza kama nami nataka kupandwa. Nikaondoka. Halafu jeshi hilo likakimbia, serikali ikaanguka, na mji ukatoka nje kushangilia, nami nikashangilia pia, mpaka nilipogundua kwamba wanaoshangiliwa kuondoka ni pamoja na mimi.

Watu walikuwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa na sababu zake. Askari waliokuwa wakiwapiga na kuwaibia walizungumza Kiswahili, na wengi wao walikuwa na majina kama langu. Mtu mwenye hasira hana nafasi ya kukuuliza kama wewe ulishika bunduki au slasha. Nyumba za Wanubi zilianza kubomolewa mtaa kwa mtaa. Asubuhi moja Nambozo alimfunga Halima mgongoni, akachukua sufuria moja na Kurani, akaniambia tunakwenda kwao Mbale kabla watu hawajamaliza chai. Nilitoka kwa haraka hata ufunguo nikausahau kwenye kitasa. Isabirye alikuwa amesimama mlangoni pake, mikono imekunjwa kifuani. Nilimwamkia. Hakuitika. Alitutazama mpaka tukapinda kona.

Nimeonja mengi katika maisha yangu, vijana, lakini lile la kutoitikiwa liliniuma kuliko yote. Jirani angenitukana ningejua la kufanya.

Mbale nilifichwa na shemeji yangu Mafabi, kaka yake Nambozo, aliyekuwa karani katika ofisi za mji. Alinipa stoo yake ya kahawa iliyokuwa nyuma ya nyumba. Nililala juu ya magunia, nikanuka kahawa mpaka nikaichukia, na mpaka leo nakunywa chai. Masharti ya Nambozo yalikuwa mawili: nisitoke, na nisifungue mdomo. Lumasaba yangu, lugha ya watu wa kule, ilitosha kuomba maji tu. Kiswahili changu kilikuwa kizuri mno, na wakati huo Kiswahili kizuri kilikuwa kama kutembea umevaa magwanda. Nikawa bubu. Nilisikia majirani wakimwuliza Nambozo mume wake yuko wapi, naye akijibu kwamba alikufa njiani, na alijibu vizuri hata mimi mle ndani nikajihurumia.

Muda ukapita, bunduki zikapungua, na wakubwa wapya wakaanza kutafuta dalili za amani. Dalili iliyowajia haraka ni mpira. Kamati ikaundwa, na mwenyekiti wake, bwana mmoja mwenye suti ya kijani na sauti ya redio, akatangaza kwamba siku ya pili ya Krismasi Mbale itacheza na Jinja kama zamani, ili dunia ione nchi imepona. Nchi ilikuwa haina chumvi wala sabuni, lakini ilikuwa imepona.

Tatizo lilikuwa uwanja. Mtunza uwanja wa Mbale alikuwa ameondoka, na mama mmoja wa jirani alikuwa amelima matuta ya viazi vitamu kuanzia goli hadi goli, kwa mpangilio mzuri sana. Kamati ilipomwendea, aliwauliza kwa nini mechi isichezwe baada ya sikukuu, viazi vikikomaa. Katika watu wote waliowahi kuchangia mjadala huu, huyo mama ndiye peke yake aliyekuwa na hoja. Hawakumsikiliza.

Mafabi akaja stooni akaniambia mambo yote hayo, akachokonoa gunia. Nilijua anataka kuniomba niutengeneze uwanja. Nambozo naye alijua, akasema kabla yake.

"Baba Halima, wewe ndiyo ulikuwa unalia kila mwaka, mpira ya sikukuu ni mbaya, watu wakae nyumbani. Sasa uko nyumbani. Kaa."

"Jinja watakuja," nilisema.

"Watakuja na nini? Na mawe?"

Nitawaambia ukweli wangu, kwa sababu bila huo mtadhani niliipenda kazi kuliko roho yangu. Nilitaka kujua jambo moja tu: kama Jinja amebaki mtu wa kuniitikia salamu. Nilizaliwa pale. Mama yangu amezikwa pale. Nilikuwa nimechoka kuwa marehemu kwenye stoo ya kahawa, na sikuona njia nyingine ya kuileta Jinja mbele ya macho yangu isipokuwa ile mechi. Nambozo alilia, kisha akaniletea kofia pana ya kaka yake, akanivisha na kuivuta mpaka kwenye nyusi.

Tulimvunia yule mama viazi vyake, tukasawazisha matuta, tukashindilia udongo kwa pipa lililojaa maji. Nilifanya kazi bila kusema neno, na Mafabi aliwaambia vibarua kwamba mimi ni bubu kutoka Bukedi. Kamba niliisokota mwenyewe, nikaweka mafundo kama alivyonifundisha Mzee Waiswa, Mafabi akishika upande wa pili. Chokaa haikuwepo. Nikachekecha majivu, nikachora kisanduku kimoja, nikasimama kukitazama nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Jinja.

Mwenyekiti akaja na suti yake. Akauliza hiki kijivu ni nini. Mafabi akamwambia ni majivu.

"Majivu ni ya matanga," alisema mwenyekiti. "Sisi tunasherehekea. Nataka mistari nyeupe, wageni waone kutoka jukwaani."

Jukwaani penyewe palikuwa na mabenchi matatu ya shule. Lakini yeye alikuwa na magunia ya unga wa muhogo ofisini, sijui yalitoka wapi na sikuuliza kwa kuwa nilikuwa bubu, akaamuru mistari ichorwe kwa unga. Nilimvuta Mafabi shati, nikamwonyesha kwa mikono kwamba unga unaliwa. Mafabi akamweleza. Mwenyekiti akacheka, akauliza ni mchezaji gani atakayeinama kulamba mstari. Basi nikachora kwa unga, na lazima niseme, ulipendeza kweli. Kisha, ili watu wote waone zawadi, akaamuru mbuzi afungwe nyuma ya goli la upande wa soko, kwa kamba ndefu, asije akaonekana kana kwamba ameteswa.

Siku yenyewe watu walijaa mpaka juu ya miti. Jinja walikuja kwa lori, wakiimba. Nilisimama nyuma ya nguzo ya jukwaa, kofia usoni, nikamwona Isabirye anashuka. Alikuwa amekonda. Alikwenda moja kwa moja golini, akakanyagakanyaga udongo, akaupima mstari kwa macho kama kawaida yake, kisha akageuka kutazama huku na huku kama anayemtafuta mtu. Nilijificha. Nilikuwa nimekuja kumwona, na nilipomwona nikajificha.

Kipindi cha kwanza hakikufungwa goli. Wakati wa mapumziko wakubwa walifika, kwa kawaida yao, na watu wote wakageuka kutazama jinsi wanavyoketi. Hakuna aliyekuwa akimtazama mbuzi. Kipindi cha pili kilikuwa kinakaribia mwisho, Isabirye sasa akiwa goli la upande wa soko, mshambuliaji wa Mbale alipopita beki, akapigwa mtama, akaanguka na kung'oa majani kwa kiatu. Refa, mwalimu kutoka Tororo, mtu mwenye filimbi nzuri sana, akapuliza. Akakimbia mpaka pale, akainama, akatafuta mstari wa kisanduku ili aone kama ni ndani, yaani penalti, au nje.

Mstari haukuwepo. Mbuzi alikuwa ameula. Alianzia kwenye pembe ya kisanduku, akaja nao taratibu kwa kadiri kamba yake ilivyomruhusu, na sasa alikuwa amesimama kando akicheua, ndevu zake nyeupe kwa unga. Timu mbili zilikuwa zikigombania mnyama ambaye alikuwa ameshaanza kula uwanja.

Nyinyi mnaweza kucheka. Mimi pia nacheka sasa. Siku ile watu walivamia uwanja kutoka pande zote mbili, wa Mbale wakisema ndani, wa Jinja wakisema nje, na wengi wao walikuwa na fimbo, na wachache walikuwa na zaidi ya fimbo. Vita vilikuwa vimewafundisha watu kumaliza mambo haraka. Afande aliyekuwa mgeni rasmi, kapteni mmoja mrefu kutoka kaskazini, alishuka jukwaani akasimama katikati, mkono kiunoni juu ya bastola.

"Nani alichora hii kiwanja?" aliuliza.

Mwenyekiti, aliyeagiza unga, aliyecheka, aliyefunga mbuzi, alinyoosha kidole akanionyesha mimi. Sauti yake ya redio ilikuwa imekatika.

Nikatoka nyuma ya nguzo. Nilitembea mpaka mbele ya afande, nikavua kofia, kwa kuwa mtu haongei na afande akiwa na kofia, na nikafungua mdomo.

"Ni mimi, afande. Kamba ninayo. Tukipima kutoka mstari wa goli, tutajua."

Maneno machache tu. Lakini baada ya ububu wote ule yalitoka kwa Kiswahili changu chote. Mtu mmoja nyuma akasema, "Huyo Munubi." Jina likapita kwa umati, kutoka mdomo huu hadi ule, na watu waliokuwa karibu nami wakarudi nyuma. Nilimwona Nambozo kando ya uwanja ameweka mikono kichwani.

Afande hakushtuka. Kiswahili ndicho alichokielewa. "Pima," alisema.

Nikaishika kamba pale penye fundo la kisanduku. Mafabi, maskini, akaja kushika mwanzo wake. Watu wa Jinja wakapiga kelele: "Huyo wa Mbale, hapana! Atasogeza!" Mafabi akasimama. Afande akasema basi Jinja watoe mtu wao. Akawatazama, nami nikawatazama. Kulikuwa na watu pale niliokua nao, niliocheza nao, niliowakopesha slasha. Wengine waliinamisha macho. Wengine hawakuinamisha, na hao walikuwa wabaya zaidi. Mwanzo wa kamba ulilala chini kwenye majani, na hakuna aliyetaka kuugusa, kwa sababu upande mwingine wa kamba ile nilikuwa mimi. Niliogopa, vijana. Nikafikiri kwamba sasa jibu nimelipata, na afadhali ningekaa stooni.

Isabirye akatoka golini. Hakukimbia. Alikuja akitembea, akavua glovu zake moja moja akazitia kwapani, akainama, akaokota ule mwanzo wa kamba. Akarudi nao hadi kwenye mstari wa goli, akaukanyagia hapo kwa vidole kama tulivyofanya miaka yote.

"Lajabu," alisema. "Vuta."

Nikavuta. Kamba ikacheza hewani. Akasema tena, kwa hasira kidogo, "Vuta, imelegea." Nikavuta mpaka ikakaza, naye akanyamaza.

Fundo lilipita yale majani yaliyong'oka, likaangukia mbali zaidi na goli. Ilikuwa ndani. Hapakuwa na ubishi, hata mtoto angeona. Beki wa Jinja akaanza kusema kitu, Isabirye akamkatiza. "Iko ndani," alisema, na kila mtu alisikia. "Wapige." Akavaa glovu zake akarudi kusimama katikati ya milingoti.

Walipiga penalti, wakafunga. Aliruka upande usio wa mpira kabisa, jambo ambalo mpaka leo halijanitoka moyoni, lakini yeye hataki tulizungumze. Mbale wakachukua mbuzi wao, aliyekuwa ameshiba.

Watu walipotawanyika nilibaki nikikunja kamba, kwa kuwa vikombe huondoka na wachezaji na kamba hubaki na mimi. Isabirye akaja akasimama mbele yangu. Nambozo alikuwa ameshafika, ameshika mkono wangu kama atakayenirudisha stooni wakati wowote.

"Ile asubuhi haukuniitikia," nilimwambia. Sikuwa nimepanga kusema hivyo.

"Kulikuwa watu kwa nyumba yangu," alisema. "Ndani. Walikuwa wanangoja niseme wewe ni nani kwangu." Akakwaruza udongo kwa kiatu. "Mulipopinda kona nilifunga mlango yako. Niliambia wao hiyo nyumba ni yangu sasa, nimechukua. Ufunguo iko na bibi yangu. Paa inavuja kidogo."

Nililia mbele ya mke wangu na mbele ya kipa aliyefungwa. Isabirye alitazama pembeni mpaka nimalize, kisha akasema kwenye lori kuna nafasi, mbuzi hayupo.

Tulirudi Jinja siku ile ile, mimi na Nambozo na Halima, juu ya lori la watu walioshindwa, na nusu ya njia hakuna aliyetusemesha. Baadaye mmoja akampa Halima muwa. Ndivyo nilivyorudi kazini. Si watu wote walinipokea, na wako wengine mpaka leo hunisalimia kana kwamba wamelipishwa. Kisha kulikuja vita vingine, na serikali nyingine, na mihogo katikati ya uwanja, nikaing'oa. Viwanda vilifungwa, vikafunguliwa vichache. Mbio za pikipiki, mikutano ya wahubiri, helikopta ya mgombea, vyote vilipita juu ya nyasi zangu. Isabirye aliendelea kuja kushika kamba hata baada ya kuacha ukipa, mpaka mlipoletewa ile mashine ya rangi ambayo inahitaji mtu mmoja tu na ndiyo maana inapinda.

Na kila Novemba kikao kilikaa. Padri mwingine, shehe mwingine, wenye baa wale wale. Nami kila Novemba nililalamika kama kawaida, kwamba mechi za sikukuu ni uonevu, kwamba pilau linaganda, kwamba watu wakae na watu wao. Yote hayo nayaamini hata sasa. Ningeulizwa na hakimu ningeyaapia.

Lakini mnakumbuka kikao changu cha mwisho. Mwenyekiti wenu, kijana mwenye kompyuta, alisema safari hii tutapiga kura, na wanaotaka mechi za sikukuu zifutwe wanyooshe mikono. Wote mkageuka kunitazama mimi, mkitabasamu, kwa kuwa mlishakizoea kidomodomo changu miaka yote. Mikono mingine ilikuwa tayari juu, ikingoja wangu tu. Niliuona mkono wangu pale mezani. Niliutazama vizuri. Haukunyanyuka.

Nilipofika nyumbani Nambozo alikuwa anachambua mchele. Aliniuliza wameamua nini. Nikamwambia mechi ipo, siku ya pili ya Krismasi, kama kawaida, na Mbale wanakuja.

"Na wewe umestaafu," alisema.

"Nimestaafu."

Akaendelea kuchambua. Hakuniuliza nilipiga kura gani.

"Basi nitapika mapema," alisema. "Mwambie Isabirye apitie hapa, mtakwenda wote. Na hiyo kamba muichukue."